Fundi anayetafuta mkasi chini ya kitambaa anachokikata

Swali: "Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Nina miaka 46. Kibanda changu ni futi kumi kwa kumi. Ndani mna cherehani mbili, yangu na ya marehemu mama, ambayo haijashona kitu tangu alipofariki 2019. Kuna magunia manne ya vipande vya vitambaa, nguo za wateja ambao hawajaja kuzichukua (nyingine zina miaka miwili), makopo ya vifungo, madaftari ya vipimo, na katoni mbili za nguo za mama ambazo sijazifungua. Jana nilitafuta mkasi mara tatu kabla ya saa sita, na mara zote ulikuwa chini ya kitambaa nilichokuwa nakikata. Nyumbani ni hivyo hivyo, na simu nayo imejaa. Mume wangu anasema ni uvivu. Rafiki yangu alinionyesha video ya mama mmoja wa ng'ambo anayesema kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima kitupe. Kila Jumamosi nasafisha kibanda, na ikifika Jumanne kimerudi vilevile. Je, kupunguza vitu kunasaidia kazi kweli, au ni mambo ya watu wenye pesa? Na nianzie wapi?"

Dada yangu, niliposoma barua yako niliona kwamba lililokuuma ni hilo neno uvivu, basi tuanze nalo. Mvivu hasafishi kibanda kila Jumamosi. Shida ni kwamba unachofanya siku hiyo ni kupanga tu. Unachukua vitu vilevile, unavikunja, unaviweka juu ya vingine, na ukimaliza idadi yake haijapungua hata kimoja. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ukishatoa cherehani mbili, meza ya kukatia na kiti cha mteja, kinabaki na njia ya mtu mmoja kupita. Humo humo ndimo ulimoweka magunia manne. Kwa hiyo kila unapotaka kutandaza kitambaa lazima uhamishe kitu, na ulichokihamisha kinakaa mahali pa kitu kingine, nacho kinasogea. Mpaka Jumanne, hata fundi mwenye nidhamu ya jeshi angekuwa amerudi pale pale ulipo. Mwambie mzee wako hivyo, kwa upole.

Sasa kama kunasaidia kazi. Kunasaidia, lakini si kwa ile njia inayosemwa sana, kwamba meza ikiwa nyeupe na akili inakuwa nyeupe. Faida kubwa iko machoni na mikononi, na unaweza kuihesabu mwenyewe.

Jicho likitazama meza iliyojaa, vitu vyote vilivyo mbele yake vinashindania nafasi ndani ya ubongo. Mwaka 2011 Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton walipima bongo za watu waliokuwa wakitazama vitu kadhaa kwa pamoja. Waliona kwamba vitu hivyo hudhoofishana katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, na kadiri ushindani huo unavyobaki mkubwa ndivyo umakini unavyolazimika kufanya kazi zaidi ili kukichagua kimoja. Umakini huo ndio huo huo unaoutumia kushona kola isipinde. Kuna na jambo la pili linalokuhusu wewe hasa: kutafuta kunakuwa kugumu zaidi pale kitu kinapofanana na vilivyokizunguka. Mkasi wenye mpini mweusi juu ya kitenge chenye maua meusi unapotea ukiwa wazi kabisa, sembuse ukifunikwa. Leo hii, kabla hujatupa chochote, chukua utepe wa rangi ya chungwa au ya manjano uuzungushe kwenye mpini. Hutalipa hata shilingi moja.

Halafu fanya jaribio la siku moja. Weka kikombe kitupu kando ya cherehani. Kila unaposimamisha kazi ili kutafuta kitu, iwe bobini, tepu ya kupimia, zipu au daftari la mteja, tia kifungo kimoja humo. Jioni hesabu. Tuseme umekuta vifungo 30, na kila safari imekula dakika moja. Hiyo ni nusu saa, na bado hujahesabu muda wa kukumbuka ulikuwa umefika wapi. Namba hiyo ni bora kuliko neno langu, na ni bora zaidi kuliko video ya yule mama, kwa sababu ni ya kibanda chako. Baada ya mwezi rudia, ulinganishe.

Jambo jingine ni yale mambo yanayoning'inia. Namaanisha kweli kweli, yaani zile nguo za wateja ukutani. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, aliandika kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Wengine waliorudia jaribio lake hawakupata majibu yale yale kila mara, kwa hiyo usilichukue kama sheria. Lakini mwenzake Maria Ovsiankina alionyesha mwaka uliofuata kwamba mtu aliyekatizwa huwa na hamu ya kuirudia kazi yake, na hilo limesimama vizuri zaidi. Gauni ambalo bado hujalitia mikono, linalokutazama tangu Machi, linakuita kila unapoinua kichwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, waliona kwamba si lazima kazi iishe ndipo ikuache: kuandika mpango kamili wa lini na vipi utaifanya kulipunguza kwa kiasi kikubwa ule usumbufu wa mawazo. Hiyo ni habari njema kwako. Huhitaji kushona nguo zote wiki hii. Unahitaji kila nguo iwe na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: jina, kilichobaki, siku.

Kuhusu msongo wa mawazo nitasema kidogo. Kuna utafiti wa Darby Saxbe na Rena Repetti wa mwaka 2010 juu ya wanandoa wa Los Angeles. Wanawake walioelezea nyumba zao kwa maneno ya fujo na ya mambo yasiyokwisha walikuwa na mwenendo wa homoni ya kotisoli, ile inayohusiana na msongo, usio mzuri kwa afya katika siku zao. Kwa waume zao haikuonekana hivyo. Nikiwasimulia wanawake hili hucheka, maana wanajua nani anaulizwa mgeni akikuta viti vimejaa nguo. Lakini utafiti huo unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja; hauthibitishi kwamba rundo ndilo lililoleta msongo. Inawezekana kabisa mtu aliyechoka ndiye anayeshindwa kuliondoa.

Tena kuna upande mwingine ambao wauza makabati hawakuambii. Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha mwaka 2013 majaribio ambamo watu waliokaa katika chumba chenye fujo walitoa mawazo mapya zaidi kuliko waliokaa katika chumba nadhifu. Kwa hiyo siku unapobuni gomesi (lile vazi la wanawake wa Uganda) ya harusi, umetandaza bitana, ukanda na vitambaa vitatu ili uone kipi kinakubaliana na kipi, usijilaumu. Hiyo ni fujo ya kazi, na inakwisha kazi ikiisha. Ninayoizungumzia ni ile ambayo haimhudumii mtu yeyote na bado inakula sakafu.

Tuje kwenye ile video. Ushauri wa kutupa kitu ambacho hakijaguswa mwaka mzima unafaa kwa mtu ambaye akikihitaji kesho atakwenda dukani akinunue tena bila kuhisi kitu mfukoni. Kwetu kuna vitu ambavyo kwa tabia yake huguswa mara moja kwa mwaka. Kitambaa cha sare za shule kinalala miezi, halafu Januari kinageuka dhahabu. Mafundi wanaohifadhi si wajinga, wanajikinga na bei. Ila ni kweli pia kwamba mtu hukithamini kitu kwa sababu tu kimeshakuwa chake. Kahneman, Knetsch na Thaler walionyesha hilo mwaka 1990 kwa vikombe: waliopewa vikombe walitaka karibu mara mbili, au hata zaidi, ya bei ambayo wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa, na vikombe vilikuwa vile vile. Mimi mwenyewe nilikuwa na boksi la chaja za simu, nyingine za simu zilizoibwa zamani, na nililitetea kama shamba la baba.

Kwa hiyo badala ya kuuliza umekigusa lini, uliza hivi: nikikikosa siku nitakayokihitaji, itanigharimu shilingi ngapi na muda gani kukipata tena hapa hapa sokoni? Zipu iliyong'oka meno inapatikana duka la tatu kutoka kwako kwa bei ya chai, basi iende. Mguu wa cherehani wa kushonea matundu ya vifungo, ambao labda utaufuata Kampala, ukae, hata kama unautumia mara mbili kwa mwaka.

Hapo nianze kugawa mali yako, nikianza na nguo za wateja, kwa sababu ndizo nzito kuliko zote na si zako. Huwezi kuzitupa. Ila huwezi pia kuwa bohari ya bure ya mji mzima. Zitoe zote ukutani siku moja, uzihesabu, uandike kwenye daftari: ya nani, ililetwa lini, anadaiwa kiasi gani. Nadhani utashtuka, maana kila nguo iliyokwisha ikalala ni uzi wako, umeme au nguvu za mguu wako, na siku yako, vyote vimetundikwa msumarini. Piga simu kwa kila mmoja, kisha tuma na ujumbe ili ubaki na ushahidi, umpe tarehe. Wengi wanakwepa kwa aibu ya deni. Ukimwambia, "Mama fulani, leta nusu uichukue, nyingine utamalizia", nguo hutoka. Asiyepatikana kabisa, usiuze nguo yake kimya kimya. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chenu, mweleze, aandike kwamba amearifiwa, na mkubaliane muda wa kungoja. Ikiwa ni kitu cha thamani kubwa, kama suti au gomesi ya hariri, muulize wakili kwanza. Kuanzia sasa chukua kianzio kisichopungua nusu, na kwenye risiti uandike muda wa mwisho wa kuchukua nguo. Bila hilo la mwisho, ukuta utajaa tena kabla ya Krismasi, na utaniandikia barua nyingine.

Vipande vya vitambaa vinakwenda haraka zaidi. Tumia kiganja chako: kilicho kidogo kuliko kiganja kinaingia kwenye gunia la kujazia mito. Kikubwa zaidi, tenga pamba na poliesta. Pamba safi inatakiwa na vikundi vya akina mama na shule zinazoshona pedi za kufua, na inafaa kwa viraka na mifuko. Baki na gunia moja tu, na likijaa hakuna kinachoingia mpaka kingine kitoke. Poliesta usiichome uani, moshi wake ni sumu na inayeyuka ikiwaka, ikidondoka kwenye ngozi inaganda nayo. Na kama bado unatumia pasi ya mkaa, magunia hayo manne yangenitisha hata kama kibanda kingekuwa kikubwa. Soko la Owino kule Kampala limeungua zaidi ya mara moja, moto wa Februari 2009 ukiwa mmojawapo, na katika vibanda vya nguo cheche haihitaji msaada mwingi. Njia ya kutoka mlangoni isizibwe na gunia hata siku moja.

Kwa vitu vya mashaka, yaani vile usivyojua uvitoe au uvibakishe, nakupa mbinu ya viwanda vya Japani iitwayo 5S. Ilifika hadi kwenye hospitali za serikali hapa Uganda, na ya Tororo, jirani zako, ni mojawapo. Hatua yake ya kwanza ni kutenga kinachohitajika na kisichohitajika. Kitu cha mashaka hufungwa kadi nyekundu yenye tarehe, kinawekwa kando, na muda ukipita bila kuguswa kinaondoka. Wewe una uzi mwekundu kopo zima. Funga uzi kwenye kila kitu cha mashaka, na ukikitumia, ukate. Kwa kazi yako ningengoja msimu mmoja wa kufungua shule upite. Ambacho bado kina uzi baada ya hapo, kimeshajibu chenyewe.

Madaftari na risiti: sheria ya kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano baada ya kipindi zinachohusu kwisha, basi usichome kitu kwa hasira. Za kila mwaka funga bahasha moja, andika mwaka juu, peleka nyumbani. Risiti za ile karatasi laini ya mashine hufifia zikawa nyeupe, zipige picha mapema. Vipimo vya wateja vihamishie daftari moja lenye kurasa kwa herufi ya jina. Simu yako ni kazi ya dakika kumi kwenye foleni: toka kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi zilizokwisha, zima picha na video kujihifadhi zenyewe, futa. Ya nyumbani yangoje. Ukianza kote kwa wakati mmoja utabaki katikati ya marundo mawili.

Cherehani ya mama na zile katoni nimeziacha makusudi. Hapo ndipo ushauri wa mitandaoni unapogeuka ukatili. Kutofungua katoni za mama yako si ugonjwa wala udhaifu. Ni msiba uliokosa siku yake. Usianzie hapo. Mikono ikishazoea kuamua juu ya zipu na vipande, keti na dada zako au shangazi, mfungue pamoja, na muulizane ukoo ulitaka nguo zigawanywe vipi. Pengine kuna mtu amekuwa akingoja gomesi moja tu na hajathubutu kuuliza. Kwa sasa zitoe kibandani, zikae nyumbani mahali pakavu, maana kibandani zinaishia kukaliwa na wateja. Cherehani mwite fundi wa mashine aitazame na akutajie bei. Zile za zamani za kukanyaga mara nyingi hupona kwa mkanda mpya, mafuta na vipuri vichache. Ikipona, ama unapata mwanagenzi wa kuikalia, ama unaiuza ikiwa nzima kwa bei ya heshima. Ikiwa haiponi, unaweza kubaki na kichwa chake peke yake na kuachana na meza na miguu yake, vinavyokula nafasi zaidi. Mimi ningeitengeneza, kama bei inaingilika. Lakini mimi si niliyelelewa na mlio wake, amua mwenyewe.

Kuna jambo moja hukuliuliza. Una miaka 46. Kuanzia kwenye arobaini jicho la kila mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona vya karibu, na kwa fundi dalili ya kwanza ni sindano kugoma kupitishwa uzi, halafu vitu vidogo "kupotea". Kapime macho. Miwani ya kusomea inaweza kukurudishia muda mwingi kuliko kutupa magunia yote manne.

Na lini umtafute mtaalamu ana kwa ana? Ikiwa kila kitu, hata karatasi chakavu, kukitoa kunakuletea uchungu usiovumilika. Ikiwa kitanda au jiko havitumiki tena kwa sababu vimejaa. Au mkigombana nyumbani kila wiki juu ya vitu. Ipo hali inayotambuliwa na madaktari ya kulimbikiza vitu, iliyopewa nafasi yake kwenye orodha za magonjwa ya akili mwaka 2013, na ina matibabu, hasa ya mazungumzo. Sioni dalili zake kwenye barua yako. Ninachokitazama zaidi kwako ni huzuni. Kama tangu 2019 usingizi umekataa, kazi uliyoipenda haina ladha, au unalia ukiona katoni zile, nenda kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mbale, au hospitali ya afya ya akili ya Butabika ukiwa Kampala. Kuingia pale hakuna maana ya wazimu. Na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi. Mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo, akusindikize.

Uliuliza uanzie wapi. Anzia ukutani, Jumatatu asubuhi wateja wakiwa wachache: daftari, kalamu, nguo moja moja. Usiguse kitu kingine siku hiyo. Isipokuwa mkasi. Ufunge kamba ya urefu wa mkono, uifungie kwenye mguu wa meza ya kukatia upande unaokatia, na msichana wa jirani akija kuuazima, mpe ule mbovu.